Turbo Moja Iliyozishinda Mbili

Mwaka 1996 Toyota ilifanya jambo ambalo kwenye karatasi lilionekana ni kurudi nyuma. Injini yake ya 1JZ-GTE, silinda sita kwa mstari mmoja na ujazo wa lita 2.5, ilikuwa imetumia turbo mbili ndogo tangu 1990. Kwenye Chaser, Mark II na Cresta za kizazi cha JZX100 zikaondolewa zote mbili, ikafungwa moja tu, CT15B. Nguvu iliyotangazwa ilibaki farasi 280 (PS), kiwango ambacho kampuni za Japani zilikubaliana kutokivuka matangazoni. Kilichobadilika ni torki, yaani nguvu ya kusokota. Injini ya zamani ilifikia kilele cha Nm 363 kwenye mizunguko 4,800 kwa dakika. Hii mpya ikatoa Nm 378 kwenye mizunguko 2,400.

Nusu ya mizunguko. Kwa gari linaloendeshwa mjini, takwimu hiyo ina uzito kuliko ile 280 ambayo kila muuza magari huitanguliza. (Mark II zimejaa katika barabara zetu, ingawa nyingi zina injini ya 1G, pole na isiyo na turbo. Mwenye GTE halisi hufungua boneti kabla hujamuuliza.)

Kwa nadharia, turbo mbili zilipaswa kushinda. Ukiongeza kipenyo cha gurudumu la turbo kwa asilimia 20, bila kugusa umbo wala malighafi yake, ukaidi wake wa kubadili mwendo hupanda karibu mara mbili na nusu, kwa kuwa hufuata kipenyo kwa kipeo cha tano. Magurudumu mawili madogo huamka upesi kuliko moja kubwa. Tena CT12A za mwanzo zilikuwa na turbini za kauri, nyepesi kuliko chuma, na kila moja ilipokea moshi wa silinda tatu tu, hivyo mapigo ya moshi hayakugongana njiani.

Lakini udogo una gharama zake. Mwanya kati ya mapanga na ganda haupungui kwa kadiri gurudumu linavyopungua, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya moshi hupita bila kufanya kazi. Manifoldi na maganda mawili yana eneo kubwa la chuma linalomeza joto, na joto hilo ndilo chakula cha turbini.

Hata hivyo, siri kubwa haikuwa ndani ya turbo. Wahandisi waliirudia silinda hedi. Matundu ya kutolea moshi yalifanywa madogo ili moshi utoke kwa kasi. Njia za maji zikarekebishwa silinda zipoe vizuri, na mgandamizo ukapanda kutoka 8.5 hadi 9.0. Kisha ikaja VVT-i, inayosogeza kamshafti ya kuingiza hewa.

Hapa ndipo pa kutulia. Ukiiwahisha kamshafti hiyo kwenye mizunguko ya chini, valvu za hewa hufunguka kabla za moshi hazijafunga. Presha ya hewa inayoingia ikizidi ile ya moshi, hewa safi hupenya, hufagia mabaki na kuongeza mtiririko kuelekea turbini. Turbo hupata presha mapema, na presha hiyo huingiza hewa zaidi. Mizunguko ikipanda, moshi hurundikana mbele ya turbini ndogo, mizani hupinduka, na uwazi ule ule ungerudisha moshi ndani ya silinda. Kamshafti hurudishwa nyuma.

Wengi wanaofanyia kazi injini hizi huchanganya mambo mawili. Kuna mizunguko ambayo chini yake turbo haiwezi kujaza presha hata ukanyage mafuta vipi. Na kuna muda unaopita, ukiwa juu ya mizunguko hiyo, kati ya kukanyaga na presha kufika. Uzito wa gurudumu huathiri zaidi huo muda. Mpaka wa chini hutegemea zaidi ukubwa wa turbini, upana wa ganda lake na wingi wa moshi. Anayeng'oa CT15B na kufunga turbo kubwa yenye beringi za gololi hupunguza msuguano, lakini mpaka bado utasogea juu. Ekzosi pana baada ya turbini humsaidia, kwa sababu turbini hufanya kazi kwa tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma yake. Intakula kubwa, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, mara nyingi husingiziwa uchelewaji; mimi ningekagua kwanza mipira inayovuja.

Nairobi ina hesabu ya ziada. Katika mwinuko wa takriban mita 1,700, presha ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Geji ikisoma bar 0.8, kompresa ya Mombasa huongeza presha mara 1.79, ya Nairobi mara 1.97. Gurudumu huzunguka kwa kasi zaidi na hewa hutoka ya moto zaidi, ilhali petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifikii oktani karibu 100 ya petroli ya daraja la juu ya Japani. Kabla presha haijaja, injini huvuta hewa nyepesi na kutoa moshi kidogo, hivyo turbo huamka kwenye mizunguko ya juu zaidi. Jedwali la kamshafti lililopangwa Pwani kwa mizunguko peke yake litairudisha kamshafti mapema mno huku bara, wakati turbo bado inauhitaji ule upenyo wa hewa.