Kuzuru, Kukagua na Kuingilia: Maneno ya Hukumu katika Habari za Fukushima

Mapema asubuhi ya tarehe 12 Machi, 2011, siku moja baada ya tetemeko la ardhi na mawimbi makuu ya bahari, Naoto Kan, Waziri Mkuu wa Japani, alikwenda kwa helikopta hadi mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi, uliokuwa umeharibika. Alikaa huko muda usiotimia saa moja. Alasiri ya siku ile ile jengo la kinu cha kwanza lililipuka.

Watu waligawanyika. Waliomtetea walisema kwamba kiongozi hana budi kufika penye hatari. Waliomlaumu walisema kwamba aliwashughulisha wenye kazi. Nasi tusimuliapo jambo hili kwa Kiswahili, kitenzi tukichaguacho hutangulia kutoa hukumu. “Alizuru” lamfanya mgeni wa heshima; “alikagua” lampa haki ya kuuliza; “aliingilia” lamtia hatiani kabla ushahidi haujasikiwa.

Tuutazame basi ushahidi. Wapinzani walidai kwamba safari yake ndiyo iliyochelewesha kutolewa kwa mvuke kinuni. Lakini umeme ulikuwa umekatika, na vali zilibidi zifunguliwe kwa mikono, gizani, penye mionzi mikali. Hata hivyo Tume ya Bunge, katika taarifa yake ya mwaka 2012, iliona kwamba safari ile iliwapotezea wafanyakazi wakati na kuvuruga utaratibu wa kupeana amri. Kwa hiyo “aliingilia” lina ukweli, ila si ukweli wote.

Yafaa tumlinganishe na Jimmy Carter, Rais wa Marekani, aliyeingia mtambo wa Three Mile Island tarehe 1 Aprili, 1979, akiwa amevaa viatu vya njano, na watu wengi wakatulia nyoyo. Tofauti yao haikuwa elimu: Carter alifunzwa mambo ya nyuklia katika jeshi la majini, na Kan alisomea fizikia. Tofauti ilikuwa wakati. Carter alifika siku ya tano, hofu ilipokuwa ikianza kupungua. Kan alifika hatari ikizidi.

Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Mgeni wa Fukushima alikuja na maswali, na mwenyeji aliyajibu kwa wakati aliouhitaji kwa kazi. Mimi ningeandika tu, “alikwenda kuuliza.” Maneno hayo hayamtukuzi wala hayamhukumu, yamwachia msomaji kazi iliyo yake.