Mwalimu wa Kwaya

Jumapili ya Kibimba hutengenezwa katikati ya wiki, jioni, watu wakishatoka shambani. Anayeitengeneza ni mwalimu wa kwaya. Hana joho, na jina lake halisomwi kwenye matangazo isipokuwa siku ya kuchangia sare. Ana ubao mdogo, kipande cha chaki, na waimbaji ambao mikono yao bado ina udongo. Nimesali na Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wapentekoste wa upande huu, tangu vilima vya Ngara hadi kuteremkia Biharamulo, na mahubiri mengi yamenitoka kichwani. Kazi ya walimu hawa haijanitoka.

Kibimba ni kata ya wilaya ya Ngara, wilaya inayopakana na Burundi na Rwanda. Ni nchi ya vilima, migomba, kahawa na maharage. Nje ya kanisa watu husalimiana kwa Kihangaza, ambacho Mrundi hukielewa bila taabu kubwa. Ndani, ibada huendeshwa kwa Kiswahili. Asiyefika huku hudhani kwaya za vijijini huimba tu kile ambacho moyo umeleta. Akae mazoezini jioni moja, ataona kwamba moyo umepewa ratiba.

Kwa Wakatoliki ratiba hiyo ni nzito. Dominika ya kawaida inadai wimbo wa mwanzo, Bwana Utuhurumie, Utukufu, wimbo wa katikati, shangilio la Injili, matoleo, Mtakatifu, Mwanakondoo, komunyo, shukrani, na wa kutokea. Mwalimu anapaswa kujua kama ni mwaka A, B au C, masomo yanasema nini, na zaburi ya siku ni ipi. Dominika za Kwaresima, Utukufu na Aleluya hukaa kimya mpaka Pasaka. Anayesahau atasimamisha misa nzima. Wimbo wa matoleo lazima uweze kurefushwa, kwa kuwa hakuna ajuaye mstari wa watu wenye ndizi na maharage utaisha saa ngapi. Wa komunyo lazima uimbike polepole bila kulaza watu. Haya yote yanapangwa na mtu ambaye mara nyingi hakusomea muziki popote, isipokuwa kwa mwalimu aliyemtangulia.

Tena kuna Jumapili ambazo padre hayupo. Parokia moja huwa na vigango vingi na barabara za vilima hivi zinajulikana wakati wa masika. Hapo mkatekista huongoza ibada ya neno, na uzito mkubwa huangukia kwaya. Nimeona ibada ya namna hiyo kigangoni: somo, maelezo mafupi, sala, na katikati ya kila kitu wimbo uliowekwa mahali pake kwa akili. Hakuna aliyeondoka akihisi amepewa pungufu.

Uzoefu huo una mizizi. Hata kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kutoa hati yake ya liturujia mwaka 1963, padre Mtanzania Stephen Mbunga alikuwa ameshatunga Misa Baba Yetu, mwaka 1959, kwa miziki ya kwetu. Huku Rulenge, Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza jimbo kuanzia 1969 hadi 1996, alizikuza jumuiya ndogo ndogo na mwenyewe akaenda kuishi na wanakijiji wa ujamaa. Jumuiya ikikutana nyumbani kwa mtu, hakuna kinanda wala ubao. Ni lazima mmoja aanzishe na wengine waitikie. Walimu wengi wa kwaya walianzia hapo, wakiwa watoto, pembeni ya mkeka wa mama zao.

Sasa niseme kuhusu noti, kwa kuwa ndizo zilizonifanya nianze kwenda mazoezini badala ya kungoja Jumapili.

Zinazotumika ni zile za herufi: d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huu ulianzishwa na mwalimu wa kike wa Uingereza, Sarah Glover, wa Norwich, kisha John Curwen akaueneza katika karne ya 19, na wamisionari na walimu wa shule wakauleta Afrika. Mistari mitano yenye vichwa vyeusi inadai karatasi maalumu. Herufi zinaandikika popote, kwenye daftari la shule, kwenye ubao, kwa taipureta ya parokia, na siku hizi kwenye simu. Nukta pacha hutenganisha mapigo, kistari huonyesha sauti inayovutwa, alama ndogo juu au chini ya herufi huonyesha sauti imepanda au imeshuka ngazi nzima. Na do haikai mahali pamoja. Juu ya karatasi huandikwa Do ni G, au Do ni F, lakini mahali pasipo na kinanda mwalimu huipandisha au kuishusha kufuatana na vifua alivyo navyo jioni ile. Kama mvua imewapiga na wamekohoa wiki nzima, do itashuka.

Mwalimu mmoja niliyemfuatilia kwa muda mrefu huanza na besi. Wengine huanza na sauti ya kwanza ili kila mtu ashike wimbo, lakini yeye husema wimbo wenyewe watu wataushika wapende wasipende. Kinachohitaji kujengwa ni chini. Besi huimba noti peke yake, bila maneno, mara nyingi kuliko ambavyo mtu wa nje angevumilia. Kisha sauti ya tatu. Kisha hizo mbili pamoja. Akina mama na wasichana hukaa kwenye mabenchi wakisikiliza, na kusikiliza huko ni sehemu ya somo, maana zamu yao ikifika tayari wanajua wanaegemea wapi.

Sauti ya pili ndiyo inayompima mwalimu. Sauti ya kwanza ina raha ya wimbo, besi ina raha ya ngurumo, lakini ya pili hukaa katikati, pengine imeshikilia so ile ile mapigo mengi mfululizo huku majirani wakipanda na kushuka. Inavutwa huku na huku. Ikichoka, humezwa na ya kwanza na hakuna atakayejua, ila mwalimu. Atanyanyua mkono, wote watanyamaza.

“Sauti ya pili, mmehama.”

“Hapo pa kushuka fa hatupapati, mwalimu.”

“Mtapapata. Mama, anza wewe. Tokea so, njoo fa, rudi mi.”

Na kweli fa ni tatizo, kama ilivyo ti. Nyimbo nyingi za jadi za ukanda huu hutembea kwa sauti tano, na hatua nyembamba ya kutoka mi kwenda fa, au ti kwenda do, sikio la hapa halikuizoea tangu utotoni. Mwalimu asiyelijua hili atawafokea waimbaji. Anayelijua huwaimbisha hatua hiyo peke yake, juu chini, mpaka iache kuwa ngeni, na akitunga wake mwenyewe haiweki fa mahali pa kurukia. Huipitia tu njiani. Sijui kama kuna chuo kinachofundisha busara hiyo vizuri zaidi.

Noti zikikaa, ndipo maneno huwekwa. Hapo kuna kazi nyingine ambayo waumini wengi hawaijui. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: tunasema fuRAha, mwoKOzi. Tenzi nyingi tulizorithi zilitafsiriwa kwa kufuata muziki wa Ulaya, na pigo zito la muziki likaangukia silabi isiyo yake, tukaimba FUraha na MWOkozi na kuzoea. Mtunzi mzuri wa kwetu husema kwanza mstari kwa mdomo, kama anavyouzungumza, ndipo atafute pigo. Nimemsikia mwalimu akiurudiarudia mstari mmoja wa zaburi akitembea chini ya migomba, bila muziki wowote, mpaka muziki wake ulipojionyesha. Wimbo uliotungwa hivyo kijiji huukamata siku ya kwanza.

Ukitoka hapo ukaingia kwa Waanglikana, ufundi hubadilika. Dayosisi yao ya Kagera, yenye makao Murgwanza karibu na mji wa Ngara, ilianzishwa mwaka 1985, lakini tabia ya uimbaji wao ni ya zamani zaidi. Ilitokana na Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka mipaka hadi huku. Watu wa Uamsho walipokutana waliimba Tukutendereza, pambio la Kiganda ambalo kila kabila lililipokea. Mpaka leo anayesimama kushuhudia husema “Bwana asifiwe,” na anayetaka kusindikiza ushuhuda huo kwa wimbo huanzisha papo hapo, kutoka kwenye kiti chake, bila ala.

Kuanzisha wimbo namna hiyo ni ustadi uliokamilika peke yake. Mwanzishaji hana kinanda cha kumpa sauti. Anao umati mzima: wazee, watoto, akina mama, vijana ambao sauti zinavunjika. Akianza juu, kiitikio kitawakaba. Akianza chini, ubeti utazama kooni. Anapaswa, kabla ya kufungua mdomo, awe ameshausikia wimbo wote hadi mahali pake pa juu kabisa, na awe amepima kama kanisa litafika. Kuna mama mmoja wa kanisa la kilimani ambaye sijamsikia akikosea. Nilipomuuliza anafanyaje alijibu kwamba huimba kwanza kimya mahali pagumu, kisha hurudi mwanzo. Tenzi za Rohoni anazijua bila kitabu, na kitabu chake kilichochakaa humwazima mgeni.

Walutheri niliosali nao Biharamulo wana nidhamu ambayo ningetamani kila kwaya iige: kupumua. Mwalimu wao huweka alama ya pumzi kwenye nakala, na huwapa sauti ya kwanza na ya pili mahali tofauti, ili mmoja akivuta hewa mwingine awe ameshikilia. Neno halikatwi katikati. Sauti zote nne hukoma pamoja mkono wake unapofumba, na baada ya hapo kanisa husikia mvua kwenye bati.

Kwa Wapentekoste ufundi mwingi uko kwa mpiga kinanda, kijana ambaye mara nyingi watu humwona kama sehemu ya mitambo. Wakati wa kusifu na kuabudu kiongozi huingia na pambio popote roho inapomchukua, na kijana huyo ana sekunde chache za kuipata do yake, kuingiza besi, kisha kufuata pambio likihama bila taarifa kwenda jingine. Huangalia miguu ya kiongozi kuliko mdomo. Spika mara nyingi huwa kubwa kuliko chumba, na kwa hilo ninalalamika waziwazi, maana hufunika sikio bora kabisa lililomo humo ndani.

Ngoma na kayamba za Wakatoliki nazo zina mwalimu wao, na wasichana wadogo wanaocheza mbele wakati wa matoleo huinua mikono kwa mtindo unaoiga pembe za ng'ombe, unaojulikana pande zote za mpaka. Mpaka huu umepitisha mengi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa kama siku moja, na kambi ya Benaco ikajaa hapa Ngara. Chini ya maturubai watu waliendelea kusali na kuimba. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walikuwa wameshaonyesha njia hiyo huko Tabora, ambako makazi ya Ulyankulu yalitoa kwaya iliyosikilizwa nchi nzima kwa kanda. Mtu anaweza kuvuka mto bila godoro wala sufuria, akafika na sauti ya tatu ya wimbo mzima kichwani. Akimpata wa pili na wa nne, kwaya imeanza.

Lakini kinachobebwa kichwani hufa na kichwa. Nimepitia mafaili ya kwaya kadhaa, nikakuta nakala zilizonakiliwa kwa mkono, fotokopi ya fotokopi, picha zilizopigwa kwa simu na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Noti zipo, maneno yapo. Jina la mtunzi halipo. Nyimbo zilizotungwa na walimu wa vijiji hivi huimbwa mbali sana na Kibimba, na wanaoziimba hawajui zilitoka wapi. Mwalimu akifariki, daftari lake huwashia moto jikoni, na hakuna anayekusudia ubaya.

Makatibu wa kwaya, basi, kabla ya mazoezi yajayo fungueni faili. Kwenye kila wimbo andikeni jina la aliyetunga, kijiji chake na mwaka, na kama hamjui, waulizeni wazee wakiwa bado wapo. Nakala moja ikae parokiani au usharikani, kabatini, mbali na panya. Na siku ya matangazo, mwalimu wenu atajwe kwa jina.