Volti Mbili Zilizopotea Kwenye Bolti Moja



"Betri mbili nimenunua ndani ya mwaka mmoja, na altaneta ya mtumba juu yake. Usije ukaniambia ninunue ya tatu."

Gari lenyewe ni Corolla AE100 ya miaka ya 1990, injini ya 5A ya lita 1.5, gia za mkono. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu anayekaa Kimara, majirani wameshachoka kumsukumia. Kabla ya kufungua boneti nilimwuliza gari linakataa vipi, maana hapo ndipo nusu ya kazi ilipo. Asubuhi, akasema, linawaka kwa kujivuta. Mchana, akitoka sokoni na injini bado ya moto, akizungusha funguo linagonga "tak" moja, basi. Taa za dashibodi haziyumbi.

Sauti hizo zina maana, na fundi anayezipuuza huishia kubahatisha. Mlio wa haraka, tak-tak-tak-tak, huku taa zikififia, huashiria betri iliyoishiwa au kichwa cha betri kilicholegea. Ukimya kabisa unakupeleka kwenye swichi ya funguo, fyuzi na rilei, na kwa gari la gia za otomatiki kwenye swichi ya gia. Stata ikivuma bila kuzungusha injini, tazama bendeksi, ile gia ndogo ya stata inayoshika injini. Lakini "tak" moja nzito, na taa zikabaki zinang'aa, inasema solenoidi imevuta ila umeme wa kutosha haukufika kwenye mota. Umekwamia njiani, au ndani ya stata yenyewe.

Nikaanza na betri, kwa kuwa ni rahisi kuipima na ndiyo inayosingiziwa kuliko vyote. Niliwasha taa kubwa dakika moja kuondoa chaji ya juujuu, nikazizima, nikasubiri kidogo. Mita ikaonyesha volti 12.4. Betri iliyojaa husoma kama 12.6 au 12.7, kwa 12.2 imebaki nusu. Kwa hiyo hii ilikuwa na robo tatu hivi: haijashiba, lakini haijafa. Nikachomoa fyuzi ya EFI, mfumo wa kupulizia mafuta, ili injini izunguke bila kuwaka, nikamwomba mwalimu apige stata. Betri ikashuka hadi 11.0. Chini ya 9.6 ningeitilia shaka. Kwa 11.0, betri ilikuwa inafanya kazi yake na bado ina akiba, huku stata ikizunguka kama imechoka.

Hapo mafundi wengi hutoa stata. Mimi nikaenda kwenye arthi, waya unaounganisha hasi ya betri na injini.

Niliweka ncha nyeusi ya mita juu ya risasi yenyewe ya kichwa cha hasi, siyo kwenye kibanio chake, na ncha nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini. Gari likiwa limetulia, mita ilisoma sifuri. Nikamwambia mwalimu apige stata tena. Ikaruka hadi 2.1.

Kwa kawaida hapo hutakiwi kuona zaidi ya 0.2. Injini na kichwa cha hasi vinapaswa kuwa kitu kimoja kwa umeme. Mita ikikuta tofauti ya volti mbili kati yao, kuna mahali volti hizo zinaliwa. Upande wa chanya, kutoka betri hadi bolti nene ya stata, nilikuta 0.4, inayovumilika. Ukitoa zote kwenye 11.0, stata ilikuwa inapata 8.5 tu.

Sasa, waya huo wa arthi ulikuwa umeshapimwa na mafundi wawili kabla yangu, wote wakasema mzima. Hawakumdanganya mwalimu. Mmoja alipima kwa taa ya majaribio, ikawaka vizuri. Mwingine alipima ukinzani kwa mita, ikasoma sifuri. Tatizo ni hesabu. Tuseme stata ya injini hii inavuta ampea 130. Kupoteza volti 2.1 kwa mkondo huo kunahitaji ukinzani wa omu 0.016 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haikioni. Na taa ya majaribio inayovuta nusu ampea, ukiipitisha kwenye ukinzani huohuo, inapoteza volti 0.008, itang'aa bila wasiwasi wowote. Waya unaweza kuwasha taa siku nzima na ukashindwa kubeba stata kwa sekunde moja. Ndiyo maana napima njia ya umeme ikiwa imebeba mzigo wake halisi. Ikiwa imetulia, kila kiungo kibovu huonekana kizima.

Nilifuata waya hadi mwisho wake kwenye gia boksi. Mwaka uliopita gia boksi iliteremshwa ili kubadilisha klachi, na aliyeirudisha alifunga bolti ya arthi juu ya mafuta, vumbi na kutu nyeupe ya aluminiamu. Kwa macho ilikuwa imefungwa. Nilipoifungua, kijicho cha waya kilikuwa cheusi upande mzima isipokuwa alama moja ndogo inayong'aa. Umeme wote wa stata ulikuwa unapita hapo.

Msasa, brashi ya waya, bolti ikakazwa, grisi kidogo juu yake kuzuia unyevu. Vichwa vya betri nikavisafisha kwa maji ya magadi, nikiangalia yasiingie ndani ya seli, maana magadi yanaua tindikali na betri bila tindikali ni sanduku. Nikapima tena. Arthi: 0.1. Stata: 10.1. Betri yenyewe, wakati wa kupiga, ikashuka hadi 10.6, chini kuliko mwanzo. Mwalimu alishtuka kwa hilo, akauliza kwa nini, na swali lake lilikuwa zuri. Ni kwa sababu mkondo sasa unapita kama unavyotakiwa. Stata iliyofunguliwa njia inakula zaidi, na inazunguka ipasavyo.

Je, zile betri mbili ziliuawa na nini? Na bolti hiyohiyo. Altaneta haina arthi yake pekee. Inatumia mwili wa injini. Umeme unaotoka kwenye altaneta kwenda kwenye taa, feni na betri lazima urudi kwenye injini kupitia waya uleule. Kabla sijausafisha nilikuwa nimewasha injini na kila kitu: taa kubwa, feni, redio. Kwenye altaneta yenyewe, kati ya chanya na mwili wake, nilipata 14.2, safi kabisa. Kwenye vichwa vya betri, 13.5. Altaneta ya aina hii ina waya wa S unaochungulia volti ya betri ili regyuleta ijirekebishe, lakini unachungulia upande wa chanya tu. Hasara ya upande wa arthi haiioni. Hivyo altaneta iliamini betri imeshiba, na betri ilikuwa inalala na njaa kila siku kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Betri ya risasi ikikaa muda mrefu bila kujaa, salfeti hugeuka fuwele ngumu kwenye sahani zake, na fuwele hizo hazirudi tena. Altaneta ya zamani ilitolewa bure. Kwa bahati mwalimu aliitunza stoo.

Ninalolipinga kwa nguvu zote, hapa na popote, ni kile kipimo cha kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwaka ili kuona kama altaneta "inabeba". Nilimkuta mwalimu ameshafanyiwa hivyo. Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya volti. Ukiitoa ghafla, volti inaweza kuruka juu mno kwa kitambo kidogo na kuunguza dayodi, regyuleta au kompyuta ya injini. Gari la EFI silo lori la miaka ya 1960. Mita ya bei nafuu inatoa jibu hilohilo bila kugusa spana.

Jioni nililiacha gari lipate moto vizuri, nikazima, nikasubiri dakika kumi na tano, nikapiga. Mara tisa likawaka. Mara ya kumi: tak.

Nikateremsha stata. Ndani ya solenoidi mna vipande viwili vya shaba vinavyounganishwa na kisahani kila unapozungusha funguo. Kimoja kilikuwa kimelika hadi karibu na mzizi, kingine nusu yake, jambo la kawaida kabisa kwa stata za Denso za umri huu. Zaidi ya hayo, koili ya solenoidi ikiwa ya moto, ukinzani wa shaba yake hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo inavuta kwa nguvu pungufu saa ileile inapohitaji kukandamiza shaba iliyokwisha. Hiyo ndiyo "tak" ya mchana. Tulibadilisha vipande vyote viwili pamoja na kisahani. Mota yenyewe na kaboni zake zilikuwa nzuri.

Betri ya pili niliiacha usiku kucha kwenye chaja ya ampea 4. Asubuhi seli zote sita zilisoma karibu sawa kwenye haidromita, 1.250, moja 1.240. Nikamrudishia mwalimu ileile. Akatoa daftari, akaniomba nimsomee namba zote, za kabla na za baada, akaziandika kwa mistari iliyonyooka, kisha akaandika tarehe ya kurudi: miezi mitatu, kupima arthi.