Barafu ya mwisho, ya mwisho kwa nani?



Juzi mwenzetu mmoja alituma hapa filamu ya Will Gadd, *The Last Ascent*, akaongeza maneno machache: "Vijana, utalii njo kazi yetu ya kesho." Niliiangalia usiku hapa Nyakabere, watu wanne juu ya simu moja, umeme hakuna, joto la kuvua shati. Kuangalia mtu anapanda ukuta wa barafu huku wewe unafukuza mbu na daftari, lazima ucheke kidogo kwanza.

Kwa ambao hawajaiona: Gadd ni Mkanada, kati ya watu wanaojulikana zaidi duniani katika mchezo wa kupanda barafu. Mnaelewa ni nini? Mkononi shoka mbili fupi, chini ya viatu meno ya chuma, unapiga, unasikiliza kama barafu imekubali, unajivuta, unapiga tena. Mwaka 2014 alipanda hivyo kuta za barafu juu kabisa ya Kilimanjaro, karibu na mita 5,895. Februari 2020 akarudi kupanda palepale. Akakuta zimekonda, pengine hazipo tena.

Niseme wazi, filamu ina nguvu. Sisi tumezoea kuambiwa habari ya barafu kwa hesabu: asilimia 85 ya barafu iliyokuwa Kilimanjaro mwaka 1912 ilikuwa imekwisha mwaka 2007. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini unaisoma, unafunga simu, unalala. Gadd hana haja ya asilimia. Mahali alipopiga shoka miaka sita nyuma, leo ni hewa. Mpandaji anajua mlima kwa mikono, sawa vile mvuvi wa Kalundu anavyojua ziwa, na mtu wa namna hiyo akisema kitu kimepotea, unamwamini.

Shida yangu ni hilo jina. "Mpando wa mwisho." Wa mwisho kwa nani? Hadithi imejengwa juu ya mgeni anayerudi kuaga. Alikuja, akapenda, akaondoka, akarudi, akahuzunika. Mlima umekuwa kama mgonjwa ambaye historia yake inaanza siku ile mgeni alipofika kumwona hospitalini. Na pesa ya filamu imetoka kwa Red Bull, kampuni ya kinywaji. Sikatai, mtu anakula anapopata. Ila mwenye pesa anapenda shujaa mmoja, mwenye uso mmoja, na Kilimanjaro hakuna anayefika juu peke yake. Wapagazi wake wana jina lao kabisa, wanaitwa wagumu, na jina hilo hawakulipata kwa kukaa chini.

Sasa sikilizeni hii, kwa sababu njo iliyonifanya niandike.

Mlima Kenya ulikuwa na njia ya barafu ambayo wapandaji wa dunia nzima waliihesabu kati ya nzuri kuliko zote. Inaitwa Diamond Couloir, mfereji mwembamba wa barafu unaoshuka kati ya vilele viwili, Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188). Kitu cha ajabu: pale ikweta, "majira ya baridi" yanahama upande wa mlima. Kuanzia Juni jua linakwenda kaskazini, basi upande wa kusini unabaki kivulini na barafu inakaza. Baadaye mwaka jua linarudi kusini, na baridi nayo inageukia upande wa pili. Mlima mmoja, baridi mbili kwa mwaka, bila theluji kugusa mji wowote chini yake.

Watu wanapoitaja Diamond Couloir, jina linalokuja haraka ni Yvon Chouinard, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya nguo ya Patagonia. Ni kweli alipanda, mwaka 1975, pamoja na Michael Covington, na wakafungua njia ya moja kwa moja sehemu ya juu. Lakini mfereji wenyewe ulikuwa umeshapandwa Oktoba 1973, na Phil Snyder, aliyekuwa msimamizi wa mbuga, na Mkenya, Thumbi Mathenge.

Thumbi Mathenge! Nilipokutana na jina hilo nilikaa kimya kidogo. Nimemaliza chuo, nimesoma kurasa nyingi juu ya milima ya Afrika, na kila mara Mwafrika aliyeko pale anabeba sanduku. Huyu alikuwa na shoka mkononi, kwenye barafu ambayo haijaguswa na mtu. Nani amepiga filamu ya mpando wa kwanza? Leo mfereji huo umeyeyuka hata hauhesabiki tena kama njia ya barafu ya kutegemewa, na kwa hiyo tumepoteza viwili: barafu, na hadithi ambayo ingetufundisha kwamba ilikuwa yetu pia.

Msiniambie hayo ni mambo ya Kenya na Tanzania. Rwenzori iko nusu kwetu. Kilele cha Margherita, mita 5,109, kiko juu ya mpaka wa Kongo na Uganda, na jina hilo ni la malkia wa Italia. Lililetwa mwaka 1906 na Duke wa Abruzzi, aliyefika pale wa kwanza. Wenyeji, Wakonzo na Wanande, walikuwa na neno lao la theluji, *nzururu*, zamani sana kabla ya malkia huyo, na kwao si neno la hali ya hewa tu, ni la mizimu. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilikuwa kilomita za mraba karibu saba na nusu. Ilipopimwa kuelekea 2003, haikufika moja. Filamu ya kuaga ikifika huko kesho, nani ataaga mbele ya kamera?

Mwenzetu aliyesema utalii ni kazi ya kesho, simkatai. Kuna mji mdogo wa milimani Marekani, Ouray, huko Colorado, ambao tangu miaka ya 1990 unatengeneza barafu yake mwenyewe. Wanapitisha mabomba ukingoni mwa korongo, wakati wa baridi wanamwaga maji usiku, asubuhi kuta zimeganda, wageni wanakuja na shoka zao, hoteli zinajaa katika miezi ambayo zingefungwa. Hawauzi huzuni pale. Wanauza kitu walichokitengeneza, na mwakani watakitengeneza tena. Sisi tunafundishwa kuuza "njooni muone kabla haijaisha." Biashara gani hiyo, bana? Siku bidhaa inapoisha na wewe umeisha. Na kijana wa Mutwanga au Kasese anayejifunza kuongoza wageni kwa maneno hayo, anajifunza kazi yenye tarehe ya kufa.

Miezi miwili baada ya Gadd kushuka Kilimanjaro, Aprili 2020, Mulongwe ulishuka Uvira usiku na mawe na matope, ukabeba nyumba na watu. Sisemi sababu ni ileile. Milima yetu ya Mitumba haina barafu hata kidogo. Nasema tu kwamba usiku ule mlima ulikuwa na habari yake pia, na tuliyonayo ni video za simu za sekunde thelathini, zinatikisika, mtu analia nyuma. Hakuna aliyezifunga pamoja ziwe hadithi. Wengi wetu hapa tumesoma mawasiliano, historia, mazingira, na tunakaa nyumbani tunangoja kazi.

Yule mwenzetu aliyeituma filamu ana kamera nzuri, namjua. Ndugu, kama utalii njo kazi yetu ya kesho, anza na Oktoba 1973: watu wawili, kamba moja, upande wa kusini.