Kugeuka Hivi, Mamba!

Nyamisati, wilayani Kibiti, chombo cha kwenda Mafia hungoja maji. Maji yakipwa watu hukaa, na watu wakikaa hadithi hutoka. Hapo ndipo nilipomsikia mzee mmoja mvuvi akisimulia, na tangu siku ile navisikiliza vitenzi kwa sikio jingine.

Alianza kama tuanzavyo sote: alikuwapo mvuvi, alikuwa na mtumbwi. Kisha akaishika -ka-: akasukuma mtumbwi, akapita kwenye mikoko, akatupa wavu. Hii -ka- ni pondo la msimulizi. Kila akilichoma, chombo kinasogea. Tulikuwa tumeshauzoea mwendo wake alipofika katikati ya mkono wa mto. “Kugeuka hivi, mamba!” Si aligeuka, si akageuka. Kitenzi kimevuliwa mtendaji, kimevuliwa na wakati. Halafu, kwa sauti ya chini: “Anakuja. Anazama. Kimya. Anaibuka huku.” Mama mmoja aliyekaa ukingoni mwa gati na ndoo yake ya kamba akavuta miguu juu.

Msimulizi wa Kiingereza akitaka kulileta jambo la jana mbele ya macho huchukua wakati uliopo sahili, uleule unaosema kwamba jua huchomoza mashariki. Umbo moja labeba desturi ya dunia na tukio la dakika hii, na huo ni uzuri wake: tukio hupata uzito wa jambo lisiloepukika. Sisi kazi hiyo tumeigawa. Maji hujaa, mamba anakuja. Na kwa lugha ya wazee, mamba aja. Aja! Neno fupi kuliko pumzi ya kuogopa.

Upande wa bara wa Rufiji, kule Ngarambe, kuna simulizi nyingine ya maji. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliikusanya kwa wazee katika miaka ya 1960: Kinjikitile Ngwale, nabii wa Vita vya Maji Maji, akashikwa na pepo, akaingia bwawani, jamaa wakangoja ukingoni. Nikiisimulia mimi, hapo nabadilisha: kesho yake anatoka, nguo kavu. Ebrahim Hussein aliipeleka habari yake jukwaani katika tamthilia ya mwaka 1969, na jukwaani mambo yote ni ya sasa hivi. Lakini kwamba Wajerumani walimnyonga huko Mohoro, Agosti 1905, hilo nalisema kwa -li-, polepole.

Siku hizi nasoma hadithi zilizoandikwa kwa -na- tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na moyo hauruki. Mzee wa Nyamisati aliiweka akiba mpaka maji yalipotibuka, akaitumia kwa sentensi tatu tu, akairudia -ka- yake: akapiga kasia, akafika pwani, akauza samaki.

Yule mama akashusha miguu.