Rahisi Ghali? Tahakiki ya Lenzi Mbili za Nikon

Methali isemayo "rahisi ghali" hutumiwa sana kumtisha mnunuzi mwenye fedha kidogo. Katika insha hii ninaipima methali hiyo kwa kulinganisha lenzi mbili za kamera za Nikon Z, zile zisizo na kioo cha kuakisi na zenye fremu kamili ya milimita 24 kwa 36. Lenzi ya kwanza ni ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8, iliyotoka mwaka 2018 kwa takriban dola 600 za Marekani. Ya pili ni ya milimita 40 yenye uwazi wa f/2, iliyotoka mwaka 2021 kwa takriban dola 300. Zote mbili hazivuti: mpiga picha akitaka kukikaribia kitu, hutumia miguu yake.

Wahakiki wengi huipa ushindi lenzi ya 50, na wana sababu. Imeundwa kwa vipande 12 vya kioo, ilhali mwenzake ina 6 tu. Picha zake hutoka kali hadi pembeni hata uwazi ukifunguliwa wote, na pete yake ya kushikia kamera ni ya chuma. Pete ya lenzi ya 40 ni ya plastiki, na ukikisogelea kitu sana huku uwazi ukiwa f/2, picha hulegea kidogo. Mhakiki anayeyaficha hayo anafanya kazi ya mchuuzi.

Hata hivyo, ushindi huo umejengwa juu ya madai mawili yanayohitaji kuhojiwa.

Dai la kwanza ni kwamba milimita 50 ndiyo lenzi ya kawaida kwa sababu huona kama jicho. Jicho halina fremu. Desturi hii ilienezwa na kamera ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack na kuanza kuuzwa mwaka 1925 ikiwa na lenzi ya milimita 50. Aidha, wanaoeleza maana ya lenzi ya kawaida hupenda kurejelea mshazari wa fremu, ambao ni milimita 43 hivi. Kwa kipimo chao wenyewe, 40 iko karibu zaidi na kawaida kuliko 50. Tunachokiita maumbile ni mazoea.

Dai la pili ni kwamba lenzi bora ni ile inayotia ukungu mwingi nyuma ya mtu. Hapa ndipo ninapopingana nao zaidi. Mimi hupiga picha za kwanjula hapa Kampala, sherehe ambayo mchumba wa kiume na watu wake hutambulishwa kwa wazazi wa binti. Ndani ya hema viti hubanana, na mara nyingi siwezi kurudi nyuma zaidi ya mita 3. Kwa umbali huo, lenzi ya 50 hupata upana wa mita 2.16, na ya 40 hupata mita 2.7. Tofauti hiyo ni nafasi ya kiti cha mtu mzima.

Tazama pia kina cha ukali. Tukisimama palepale, lenzi ya 50 ikiwa wazi kabisa hutoa takriban sentimita 40 zilizo kali. Ya 40 hutoa karibu sentimita 70. Ssenga, yaani shangazi wa binti, ambaye bila yeye sherehe haiendi, akiketi nyuma kidogo ya bega la binti, lenzi ya kwanza humtia ukunguni. Ya pili humwacha na sura yake. Ukungu unaosifiwa kuwa uzuri humtenga mtu mmoja na ukoo wake, katika siku ambayo maana yake yote ni ukoo.

Huenda mtu akajibu kwamba lenzi ya 50 inaweza kufungwa hadi f/2.8. Ni kweli, lakini hapo mwanga unaoingia hupungua hadi chini ya nusu, na ile f/1.8 iliyolipiwa hubaki pambo.

Sisemi kwamba lenzi ya 40 inafaa kila kazi. Anayepiga uso wa mtu mmoja atafaidika na 50, kwa kuwa atajaza fremu akiwa mbali kidogo, bila kulikuza pua. Anayechapisha picha kubwa za majengo naye ataona thamani ya pembe kali. Lakini mwanafunzi anayepiga mahafali, semina na sherehe za familia katika nafasi finyu, achukue lenzi ya 40, na zile dola 300 zilizobaki alipie taa na betri ya pili. Kwake yeye, rahisi si ghali. Ghali ni kulipia ukungu unaowafuta watu waliomwalika.