Neno la Mtazamaji

Mtu atokapo kutazama picha ya sinema hutafuta, kabla ya chakula na kabla ya usingizi, mtu wa kumsimulia aliyoyaona. Siku ya kurudi shuleni baada ya likizo fupi, mwalimu apitaye karibu na madirisha ya bweni husikia picha zote zilizotazamwa katika siku zile chache. Hii ilitazamwa katika kibanda cha video kwa sarafu kidogo, ile katika simu ya kaka, nyingine katika televisheni ya shangazi. Kila moja hupewa hukumu yake papo hapo. "Ile ni moto!" "Hiyo imebamba!" "Ile ni bure, usijisumbue." Kesi husikilizwa na kukatwa kabla sanduku halijafunguliwa.

Sina ugomvi na furaha hiyo, wala sina ugomvi na neno "moto", ambalo lina uhai kuliko maneno mengi tuyaandikayo ubaoni. Ninalotaka kulichungua ni uzito wa hukumu yenyewe. Amwambiaye mwenziwe "nenda ukaitazame" amemtuma safari. Amemtoza saa mbili za maisha yake, na pengine nauli na kiingilio. Yule aliyetumwa huenda kwa imani aliyo nayo juu ya mtumaji, maana picha yenyewe haijui. Mtu aliyesifiwa nyama ya bucha fulani, akainunua akaikuta imeoza, hamlaumu ng'ombe.

Katika picha zetu wenyewe yumo kijana mmoja aijuaye kazi hii ya kusifia picha kuliko sisi sote. Jina lake ni Mwas, naye ndiye mhusika mkuu wa Nairobi Half Life, picha iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga na kutolewa mwaka 2012. Mwas ni kijana wa kijijini auzaye picha za kigeni zilizotiwa katika sidii. Duka lake ni mwili wake. Husimama mbele ya wanunuzi akaigiza mapigano, akabadili sauti, mara akawa jemadari, mara akawa adui wa jemadari, mpaka mnunuzi atie mkono mfukoni. Hasemi kwamba picha ni nzuri. Humwonyesha mnunuzi kipande, kisha hunyamaza mahali penye utamu. Baadaye huenda Nairobi kutafuta uigizaji, huporwa siku ya kwanza, na huangukia mikononi mwa wezi. Mchana yumo katika mazoezi ya mchezo wa jukwaani, na usiku yumo katika wizi wa magari. Lakini mimi hupenda kurudi mwanzo, pale kijijini, kwa sababu pale hakuna aliyemfundisha.

Kasoro ya Mwas ni kwamba yeye ni mfanyabiashara. Mwuzaji husifu bidhaa zote kwa koo moja. Wewe na mimi hatuuzi sidii, wala hatupati senti mtu aendapo kutazama. Basi ingefaa neno letu liaminike kuliko lake. Mbona basi mara nyingi haliaminiki?

Yamkini sababu moja ni kwamba tuna maneno mawili tu, "nzuri" na "mbaya", na yote mawili hueleza hali ya tumbo letu tukieleza kidogo sana juu ya picha. Mtu aliyetazama akiwa ameshiba, baina ya rafiki zake, atasema ni nzuri. Aliyetazama picha hiyo hiyo huku akisinzia atasema ni mbaya. Wanafunzi wangu, nikiwaambia waseme zaidi, hukimbilia kosa la pili. Hutoa orodha kama wajibuo mtihani: maudhui matatu, mbinu nne, sifa tano za mhusika. Nawapa alama, lakini kwa kusikia orodha ile sijapata hata siku moja kutamani kuitazama picha iliyotajwa.

Wako na wale wa kibandani. Kila kibanda cha video kina mtazamaji mmoja aliyekwisha kuitazama picha, naye hukaa benchi la mbele kwa makusudi. "Ngoja sasa! Huyo anamsaliti! Mlango huo asiufungue!" Wengine humwambia anyamaze, lakini mwisho hukuta wamezoea, hata wakamwona kama sehemu ya picha. Nchini Kenya yupo hata msimulizi aliyepata jina kubwa kwa kazi inayofanana na hiyo, DJ Afro, ambaye huzitia picha za kigeni masimulizi ya Kiswahili kilichochanganyika na lugha ya mitaani. Mabwana wenye elimu huweza kumcheka. Mimi naona amewafungulia mlango watu wengi wasioelewa lugha ya picha zile. Na katika vibanda hivyo ndimo mlimozaliwa kanuni ambayo kila mtoto wa mtaani huijua kabla hajajua jedwali la kuzidisha: steringi hafi. Yule mkuu wa picha, hata apigwe risasi ishirini, ataamka.

Kanuni hiyo ndiyo inayonileta kwenye Supa Modo, na kwenye kosa langu mwenyewe.

Supa Modo ni picha ya Mkenya Likarion Wainaina. Ilionyeshwa kwanza katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 2018, na mwaka huo huo ikachaguliwa kuiwakilisha Kenya katika mashindano ya Oscar. Ni picha fupi, haifiki saa moja na nusu. Habari hizi zote nilizijua mwaka uliofuata, nilipoketi katika chumba cha walimu likizo ya Desemba ilipokaribia. Nilikuwa nimeona pia mahali fulani sura ya mtoto aliyevaa mavazi ya shujaa. Picha yenyewe nilikuwa sijaitazama.

Mwalimu mwenzangu, mama wa watoto wawili, akaniuliza, "Mwalimu, ni picha gani naweza kuitazama na watoto likizo hii?"

Nikamjibu bila hata kuinua kichwa kutoka katika madaftari niliyokuwa nikisahihisha. "Tazameni Supa Modo. Ni ya watoto. Itawachekesha sana."

Yafaa niseme sasa jambo ambalo wakati ule nililijua vizuri. Watoto wa mwalimu yule walikuwa watatu. Mmoja alimzika miaka miwili kabla ya siku ile, baada ya kumwuguza kwa muda mrefu. Mimi mwenyewe nilihudhuria mazishi, na nilibeba viti.

Supa Modo ni hadithi ya Jo, msichana wa miaka tisa, mpenzi wa picha za mashujaa, ambaye ana ugonjwa usiopona. Mama yake humtoa hospitalini ili siku zake zilizobaki aziishi nyumbani kijijini. Hayo si siri ya hadithi. Huyajua mtazamaji mapema kabisa, na kila jambo lifuatalo husimama juu yake. Aliyeitazama kwa robo saa tu asingeweza kusema nilivyosema.

Januari shule zilipofunguliwa, mwalimu yule alinijia chini ya mti ambapo tulizoea kunywa chai. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mwalimu, ile picha uliitazama?"

"Sikuitazama," nikasema.

"Nilijua. Aliyeitazama angenitazama usoni kabla ya kunitajia."

Nilimwomba radhi. Akazipokea, kisha akaniambia yaliyotokea. Alipotambua habari za mtoto yule alifunga kompyuta, akawaambia watoto waende kulala. Usiku wa pili binti yake mkubwa alimwomba waendelee. Wakaendelea, wakamaliza. "Ni picha njema," akasema. "Lakini ina uongo mmoja."

Nikamwuliza ni uongo gani. Katika picha ile, dada yake Jo, aitwaye Mwix, hushirikiana na wanakijiji kumsadikisha mtoto kwamba ana nguvu za ajabu, na baadaye kijiji kizima hushika kazi ya kumtengenezea picha ya sinema ambayo yeye mwenyewe ndiye shujaa. "Kijiji kile hakina mashamba?" mwalimu yule akauliza. "Kwetu watu walikuja juma la kwanza, wakaleta sukari na unga, wakaomba. Juma la pili wakaja nusu. Mwezi wa tatu nilikuwa peke yangu na mtoto. Si kwamba walikuwa wabaya. Walikuwa na mahindi ya kupalilia."

Sijapata kusoma tahakiki ya picha ile iliyo kali kuliko hiyo, wala ya haki kuliko hiyo. Jioni ile niliitafuta picha nikaitazama, nikiwa na maneno yake masikioni.

Naona amesema kweli juu ya kijiji. Watu wa kijiji kile wanakubali haraka mno, na wanaelewana mno. Katika kijiji nijuacho mimi kungekuwa na ugomvi juu ya nani ashike kamera na nani alipwe chai. Sehemu ya katikati ya picha hulegea kwa sababu hiyo, maana pasipo na upinzani hadithi hupoteza kamba yake. Lakini yuko mtu mmoja anayepinga, naye ni mama. Yeye hataki mtoto wake adanganywe. Yeye ni mkunga, mtu ambaye kazi yake ni kupokea wanaoingia duniani, na sasa amewekwa kumsindikiza wa kwake. Kila alipoonekana, picha ilikaza. Msichana Stycie Waweru, aliyeigiza Jo, hakuniomba machozi hata mara moja. Hucheza, hununa, huhesabu mambo kama mtoto mwingine yeyote, na kwa hiyo machozi yalinijia bila kuombwa.

Nilipofikiri zaidi niliona kwamba huenda kijiji kile kilifanywa chepesi kwa makusudi. Jo amelelewa na picha ambazo ndani yake steringi hafi. Anakijua kifo chake, na anaijua kanuni ile, na mambo hayo mawili hayapatani. Kijiji kinachoacha mashamba yake ni kijiji cha namna ambayo mtoto kama huyo angekibuni. Nilimwambia mwalimu mwenzangu wazo hili siku ya pili. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Labda. Lakini mimi niliitazama nikiwa mama, si nikiwa Jo." Hapo nilinyamaza, na hata leo sijapata jibu lake. Mwisho wa picha sitausema hapa. Ugonjwa wa Jo ulikuwa mlango, na mlango hapana budi mgeni aonyeshwe. Chumba cha ndani aingie mwenyewe.

Basi mwanafunzi anaponiuliza leo juu ya picha fulani, humwuliza kwanza ataitazama na nani. Swali hili huwashangaza. Bodi ya kuainisha filamu nchini kwetu huweka alama za umri, na alama hizo zina faida yake, lakini bodi haijui kwamba baba yako alipigwa na wezi mwaka jana, wala kwamba nyanya yako hawezi kusikia matusi bila kutoka chumbani. Wewe unajua. Muhula uliopita kijana mmoja wa kidato cha nne alitaka kuitazama Nairobi Half Life pamoja na mama yake. Nilimwambia kwamba ina damu, ina matusi mengi, na ina mambo ya chumbani; kwamba Mwas ni mtu utakayempenda na kumwonea haya kwa pamoja; na kwamba mimi naiona kuwa picha bora kuliko nyingi zilizotengenezwa Nairobi. Aliitazama na binamu yake. Alirudi akiwa amekasirika, akasema Mwas hakulazimishwa na mtu kuiba, na kwamba mimi nilimhurumia kupita kiasi. Tulibishana mpaka kengele ikalia. Angeniambia ni moto tungeachana mlangoni.

Mwalimu yule mwenzangu amekwisha kuhamia shule nyingine. Kabla hajaondoka aliniachia kikaratasi katika kabati langu. Alikuwa ameandika jina la picha moja, The First Grader, iliyotolewa mwaka 2010 na kuongozwa na Mwingereza Justin Chadwick. Ni habari ya Kimani Ng'ang'a Maruge, mzee wa Eldoret ambaye mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza baada ya serikali kutangaza elimu ya msingi bila malipo. Chini ya jina hilo alikuwa ameandika hivi: "Darasa lake litakuchekesha. Mwalimu wake utampenda, ijapokuwa ni mwema kupita walimu niwajuao. Lakini ndani yake zimo kambi za kizuizini za wakati wa Mau Mau, na mateso yake yameonyeshwa wazi. Uliwahi kuniambia babu yako alikuwa huko. Itazame peke yako kwanza."

Nimeitazama mara mbili. Babu bado sijamwonyesha.